Plastiki Inayokataa Moto: Safari Yake hadi Ipinda

Ukiingia katika duka la vifaa vya umeme pale Ipinda, kwenye barabara itokayo Kyela mjini kwenda Matema, utaona rafu imejaa vitu vyeupe: swichi, soketi, holda za taa, sakiti breka, enaji seva na taa za LED. Mnunuzi huuliza mawili, bei na kama bidhaa ni orijino au feki. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kifaa kimetengenezwa kwa nini. Kile kitako cheupe cha enaji seva, kinachobeba saketi yake ndogo, kwa kawaida ni plastiki iitwayo PBT. Ni poliesta, ukoo mmoja na uzi wa kitambaa cha tetroni ambacho wengi tulikivaa shuleni.

Poliesta tupu huwaka na kudondosha matone ya moto. Hii ya kitako cha taa, moto ukiigusa, hufuka moshi kidogo kisha huzima yenyewe. Tofauti hiyo huletwa na viambata vya kuzuia moto, ambavyo katika plastiki kama hii vinaweza kufikia sehemu moja ya tano ya uzito wote. Kuvipata kulichukua karibu karne tatu. Katika muda huo, kila dawa mpya ilimkinga mtumiaji dhidi ya moto wa ghafla, lakini ikamwachia madhara ya polepole mtu mwingine ambaye hakuwepo siku ya uamuzi.

Mianzi, nyasi na chumvi: hadi 1912

Hofu ya nyumba kuungua ilikuwepo kando ya Ziwa Nyasa kabla ya waya wa kwanza kupita. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alisifu nyumba za Wanyakyusa zilivyojengwa vizuri katikati ya migomba. Zilikuwa nyumba za mianzi, zimekandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Ukuta uliokandikwa haushiki moto kwa urahisi, lakini paa la nyasi kavu linahitaji cheche moja tu. Kinga ilikuwa udongo, nafasi kati ya nyumba na nyumba, na macho ya watu.

Ulaya nao walikuwa na shida yao. Majumba ya maonyesho yaliwashwa kwa mishumaa na taa za mafuta, na nyuma ya jukwaa kulining'inia mapazia ya turubai. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipata hataza ya mchanganyiko wa shabu, chumvi ya chuma na boraksi wa kukinga karatasi na turubai. Ndugu wa Montgolfier walitumia shabu katika baluni yao ya hewa moto mwaka 1783. Kisha mwaka 1821 mwanakemia wa Kifaransa Joseph Louis Gay-Lussac, aliyepewa kazi na mfalme Louis XVIII ya kukinga nguo za majumba ya maonyesho, aligundua kwamba chumvi za amonia zenye fosforasi zikichanganywa na boraksi hufanya kazi vizuri kuliko zote.

Gay-Lussac alieleza pia sababu. Chumvi nzuri, alisema, ama huyeyuka na kuufunika uzi kama ngozi isiyopitisha hewa, ama hutoa gesi isiyowaka inayoipunguzia nguvu ile inayowaka. Njia hizo mbili, kufunika na kuzima gesi, ndizo zinazotumika hadi leo katika plastiki.

Tatizo lililobaki lilikuwa maji. Nguo ikifuliwa, chumvi huondoka. Karibu na mwaka 1912 William Perkin mdogo, mtoto wa yule aliyegundua rangi ya zambarau ya viwandani, alifanikiwa kuinasisha oksidi ya bati ndani ya nyuzi za flaneli ya pamba ili isitoke kwa kufuliwa. Tangu hapo swali likawa moja: kiambata kitakaaje ndani ya kitu maisha yote ya kitu hicho? Jibu lake lilipopatikana lilizaa swali lingine ambalo hakuna aliyeliuliza wakati huo: maisha ya kitu yakiisha, kiambata kitakwenda wapi?

Bakelaiti na tetroni: 1907–1965

Umeme ulipoanza kuingia majumbani, ulihitaji kitu kisichopitisha umeme na kisichowaka. Kaure ilifaa lakini ilikuwa nzito na rahisi kuvunjika. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliwasilisha hataza ya bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote na binadamu. Zile swichi za duara za kahawia iliyokolea, ambazo bado huonekana katika nyumba za zamani za serikali, ni za ukoo huo. Bakelaiti ikishapikwa haiyeyuki tena. Ikiungua hugeuka mkaa, na mkaa huo huikinga sehemu ya ndani, kwa hiyo haikuhitaji dawa nyingi ya kuzuia moto. Kasoro yake ilikuwa kiwandani: kila kipande kililazimika kuiva ndani ya kalibu, na mabaki hayakuweza kuyeyushwa upya.

Mwaka 1941, vita vikiendelea, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester walitengeneza poliesta ya PET. Kampuni ya ICI iliiuza kama Terylene, DuPont ya Marekani ikaiita Dacron, na kuanzia 1958 Wajapani wa Toray na Teijin wakaiuza kwa jina la Tetron. Jina hilo la mwisho ndilo lililoshika huku kwetu. Suruali ya tetroni haikunjiki, hudumu miaka na hukauka upesi. Mpishi aliyeivaa karibu na jiko alijua pia upande wake wa pili: cheche ikiidondokea, haichomi tundu tu kama pamba, huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Vita hivyohivyo vilileta ugunduzi mwingine. Jeshi la Marekani lilihitaji mahema ya turubai yasiyoshika moto, yasiyooza na yasiyopoteza dawa mvuani. Waliyapaka nta yenye klorini pamoja na oksidi ya antimoni. Antimoni peke yake hufanya kidogo, na klorini peke yake hufanya kiasi, lakini zikiwa pamoja nguvu yake hupita jumla ya zote mbili. Plastiki za miaka ya baadaye zilichukua kanuni hiyohiyo, ila mahali pa klorini pakakaliwa na bromini.

Plastiki ya uhandisi: 1966–1979

Katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji wa Japani na Ulaya walianza kuichanganya PET na nyuzi fupi za kioo ili itengeneze vipuri badala ya nguo na filamu peke yake. Ilikuwa imara, lakini iliganda polepole ndani ya kalibu, na kalibu yenyewe ilipaswa kuwa ya moto sana. Karibu na mwaka 1970 kampuni ya Celanese ya Marekani ilileta PBT. Tofauti ya kikemia ni ndogo, lakini PBT huganda kwa sekunde chache katika kalibu yenye joto la kawaida tu. Kwa muda ambao mashine ya bakelaiti ilipika kipande kimoja, mashine ya PBT sasa ingetoa vipande vingi. General Electric nao waliingia sokoni na PBT yao, Valox. Soketi za ndani ya redio, vishikio vya waya, vifuniko vya rilei na vitako vya taa vikaanza kuhama kutoka bakelaiti kwenda poliesta.

Uhamaji huo ulikuwa na gharama moja: poliesta huwaka. Tena nyuzi za kioo zilizoipa nguvu huifanya iwake vibaya zaidi, kwa sababu hufanya kazi ya utambi, zikivuta plastiki iliyoyeyuka kuipeleka kwenye mwali.

Kipimo cha ushindi kiliwekwa na Underwriters Laboratories ya Marekani, taasisi iliyoanza kwa ajili ya kampuni za bima. Jaribio lao, UL 94, ni rahisi kulifuata kwa macho. Kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 125 na upana wa milimita 13 hutundikwa wima. Chini yake huwekwa pamba. Mwali wa gesi huwekwa kwenye ncha yake kwa sekunde 10, kisha huondolewa, na anayepima hubonyeza saa. Kikizima, mwali hurudishwa kwa sekunde nyingine 10. Vipande vitano hupimwa. Ili kupata daraja la V-0, hakuna kipande kinachoruhusiwa kuwaka zaidi ya sekunde 10 baada ya mwali kuondolewa, jumla ya sekunde za vyote vitano isizidi 50, na hakuna tone linaloruhusiwa kuwasha pamba. Mtengenezaji wa PBT asiyekuwa na V-0 alifungiwa mlango wa soko la vifaa vya umeme.

Bromini ndiyo iliyomfungulia. Plastiki inapopata joto hukatika kuwa gesi, na gesi hiyo huungua kwa mfululizo wa vipande vya molekuli vyenye hasira, kila kimoja kikizaa kingine. Kiambata chenye bromini nacho hukatika kwa joto hilohilo, kikatoa gesi inayovikamata vipande hivyo na kuvituliza. Antimoni huungana na bromini kuwa gesi nzito inayokaa pale pale penye mwali. Kuzuia matone, huongezwa unga kidogo wa teflon, ile ya vikaango visivyogandisha, ambao hujitandaza ndani ya plastiki kama wavu.

Kulikuwa pia na sababu ya kibiashara. Kwa miongo mingi bromini iliuzwa kwa wingi ili iingie katika petroli yenye risasi. Marekani ilipoanza kuipunguza risasi katika miaka ya 1970, wachimbaji wa bromini wa Arkansas na Bahari ya Chumvi walikuwa na bidhaa inayotafuta soko, na viwanda vya plastiki vilikuwa soko linalotafuta dawa. Kiambata kilichopendwa kikawa dekabromodifenili etha, kwa ufupi deka: asilimia 83 ya uzito wake ni bromini, huvumilia joto la digrii 250 ambalo PBT huyeyushwa nalo, na bei yake ilikuwa nafuu.

Miaka ya onyo: 1973–1986

Onyo la kwanza lilitoka mashambani. Mwaka 1973, katika jimbo la Michigan, kampuni moja ya kemikali ilikuwa ikitengeneza bidhaa mbili zenye majina ya kufanana: Nutrimaster, oksidi ya magnesiamu ya kuchanganya na chakula cha ng'ombe, na Firemaster, kiambata cha kuzuia moto chenye bromini. Mifuko ya Firemaster ilipelekwa kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Ng'ombe wakaacha kula, maziwa yakapungua, ndama wakafa, na ilichukua karibu mwaka mzima kabla kosa halijajulikana. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku milioni 1.5 waliuawa na kuzikwa, na kemikali hiyo ikabaki katika miili ya watu wa jimbo hilo kwa miongo kadhaa.

La pili liliihusu poliesta yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitaka nguo za kulalia za watoto zisishike moto. Viwanda vilihamia poliesta iliyotiwa kiambata kiitwacho Trisi, chenye bromini na fosforasi. Januari 1977 Arlene Blum na Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Science kwamba Trisi hubadilisha vinasaba na huenda ikasababisha saratani. Aprili mwaka huohuo nguo hizo zilipigwa marufuku Marekani. Zilizobaki maghalani zilianza kutafutiwa wanunuzi katika nchi za nje, hadi mwaka 1978 tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ilipozuia kuziuza nje. Kwa mwaka mmoja hivi, nguo iliyokataliwa kwa mtoto wa Marekani iliweza kisheria kupelekwa kwa mtoto wa nchi nyingine.

La tatu lilitoka maabarani. Mwaka 1986 Hans-Rudolf Buser wa Uswisi alionyesha kwamba viambata vya ukoo wa deka vikipashwa joto hutoa dayoksini na furani zenye bromini, jamaa za sumu kali kuliko nyingi zinazojulikana. Plastiki iliyotengenezwa ili isiungue ilikuwa hatari zaidi siku ambayo ingechomwa kwa makusudi. Katika nchi zenye matanuri ya kisasa ya taka hilo lilikuwa jambo la wahandisi. Kwa mahali ambapo taka zote huchomwa nyuma ya nyumba, lilikuwa jambo la kila mtu.

Mizigo yashuka bandarini: 1984–2006

Tanzania haikuwa mezani katika mijadala hiyo. Televisheni ilikuwepo Zanzibar tangu 1973, lakini bara ilisubiri hadi 1994. Bidhaa za umeme zilikuwa haba, na nyingi zilipita katika mashirika ya umma. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyofungua mlango, ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Miaka michache baadaye Kariakoo ilijaa redio, pasi, feni na ekstensheni kutoka Dubai na Asia. Vituo vya televisheni vilipoongezeka, zikaja seti za mtumba kutoka Ulaya, magamba yake mengi yakiwa na deka ndani.

Ulaya yenyewe ilikuwa inaanza kujikinga. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden, Daiva Meironyté na Koidu Norén, walipima maziwa ya akina mama yaliyohifadhiwa tangu 1972 na kukuta viambata vya ukoo huo vikiongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano hivi. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, ikizuia viambata hivyo kuzidi asilimia 0.1 katika vifaa vipya vya umeme. Deka ilipewa msamaha, na msamaha huo ukafutwa na mahakama ya Umoja huo mwaka 2008. Sheria ilihusu vifaa vipya. Vya zamani viliendelea kutafuta watumiaji wengine, na makontena yakaendelea kupakiwa.

Haifai kusahau kwa nini viambata vilikuwepo. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliteketea. Agosti 2009 wasichana 12 wa Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa walikufa bweni lao liliposhika moto kutokana na mshumaa. Godoro la sponji na nguo za poliesta vikiwaka katika chumba kilichofungwa, muda wa kutoka huhesabika kwa dakika chache. Mzazi anayeishi na hofu hiyo hawezi kuambiwa kwamba dawa ya kuzuia moto ni ujinga wa wazungu.

Umeme wafika vijijini: 2005–2016

Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi Oktoba 2007. Nguzo zilianza kuingia vijiji ambavyo watu wake walikuwa wameusikia umeme redioni tu. Katika awamu za baadaye mwanakijiji aliunganishiwa kwa shilingi 27,000, na aliyeshindwa kusuka waya nyumba nzima aliweza kutumia UMETA, yaani Umeme Tayari, kibodi kidogo chenye breka, soketi na sehemu ya taa. Ukikitazama kwa makini, kibodi hicho kina vipande vingi vya plastiki ya uhandisi kuliko kifaa chochote kilichowahi kuingia katika nyumba nyingi za huko.

Wakati huohuo ukame wa 2006 ulikausha mabwawa na mgawo wa umeme ukaifanya enaji seva kuwa habari ya kila siku Afrika Mashariki. Uganda iligawa bure takriban taa 800,000 mwaka 2007 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Kenya ikafuata mwaka 2010 kwa zaidi ya milioni moja. Kila taa ilikuja na gramu kadhaa za PBT yenye kizuia moto. Zilipoungua, zilitupwa.

Katika tambarare ya Kyela umeme ulikutana na hali ya hewa ya aina yake. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, joto la kando ya ziwa halipungui sana usiku, na mashine za kukoboa mpunga hujaza hewa vumbi la pumba. Haya ni mazingira magumu kwa poliesta. Unyevu na joto hukata minyororo yake polepole, ndiyo maana kiwandani chembe za PBT hukaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kuyeyushwa. Vumbi lenye unyevu likitanda juu ya kishikio cha waya, umeme hupata njia ndogo ya kupita usoni mwa plastiki na kuacha mstari wa mkaa. PBT tupu huvumilia hali hiyo vizuri. Ikitiwa bromini na antimoni, uvumilivu wake hushuka sana. Kwa hiyo dawa inayozuia moto usienee inaweza kurahisisha cheche za mwanzo pale penye vumbi na maji. Fundi anayefungua stata ya mashine ya mpunga na kukuta terminali zimekuwa nyeusi husema ni shoti, na yuko sahihi, ila nusu ya maelezo imo ndani ya plastiki yenyewe.

Deka ilikuwa na tabia nyingine. Molekuli zake hazikufungwa kwenye mnyororo wa poliesta, zilichanganywa tu. Kwa joto na miaka hupenya hadi juu na kutokeza kama unga, kisha huingia katika vumbi la nyumba.

Ziwa lapimwa: 2001–2017

Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali zisizooza upesi ulipitishwa mwaka 2001, na Tanzania iliuridhia Aprili 2004. Mwanzoni ulihusu hasa dawa za wadudu kama DDT. Mwaka 2009 viambata viwili vya ukoo wa deka viliongezwa, na mwaka 2017 deka yenyewe. Hata hivyo nchi ziliruhusiwa kuendelea kurejeleza plastiki zenye vile vya 2009 hadi 2030. Matokeo ya ruhusa hiyo yalionekana haraka: uchunguzi wa mtandao wa IPEN wa mwaka 2017 katika nchi 26, Kenya ikiwemo, ulikuta deka na jamaa zake katika vitu vya watoto vya kuchezea. Watoto hao hawakuwa wakikingwa na moto wowote. Magamba ya televisheni yalikuwa yamesagwa na kuzaliwa upya.

Hapa Tanzania, watafiti wa Norway wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipima perege wa maziwa manne: Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Viambata vya ukoo wa deka vilikuwa juu zaidi katika Ziwa Victoria, kiasi cha kati kikiwa nanogramu 19.4 kwa kila gramu ya mafuta ya samaki, na deka yenyewe ilionekana katika asilimia 68 ya sampuli za ziwa hilo. Hakuna kiwanda kinachotengeneza deka kando ya Victoria. Watafiti waliihusisha na bidhaa zinazoagizwa kutoka nchi za viwanda. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulionyesha viambata vyenye bromini katika maziwa ya akina mama 95 waliojifungua Hospitali ya Mount Meru, Arusha.

Kwa watu wa Kyela, habari ya perege ni nafuu na tahadhari kwa pamoja. Nafuu kwa sababu kando ya Nyasa hakuna majiji kama Mwanza na Kisumu. Tahadhari kwa sababu ya umbo la ziwa lenyewe. Nyasa lina kina cha takriban mita 700 na lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, Shire, upande wa Malawi. Maji yakiingia huchukua mamia ya miaka kubadilishwa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika karibu kila masika na kuzoa kilichoachwa kwenye jalala na mitaroni. Kemikali isiyooza ikifika ziwani imefika kukaa, na usipa na mbasa ndio kitoweo.

Fosforasi yarudi: kuanzia miaka ya 2000

Viwanda vilitafuta njia mbili za kutoka kwa deka. Ya kwanza ni kuifunga bromini katika polima kubwa, kama polistireni au epoksi yenye bromini, ambayo ni nzito mno kupenya nje ya plastiki. Hiyo ilipunguza vumbi lenye sumu ndani ya nyumba, lakini siku ya kuchomwa bromini ni ileile.

Njia ya pili ilirudi kwa Gay-Lussac. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Clariant ya Uswisi iliingiza sokoni chumvi ya alumini yenye fosforasi, iitwayo dietilifosfineti, inayotiwa katika PBT kwa takriban asilimia 20 pamoja na jamaa za melamini. Sehemu yake hufanya kazi ndani ya mwali, sehemu nyingine huifanya plastiki ijifunike mkaa. PBT ya namna hii haipotezi uvumilivu wake penye vumbi na unyevu kama ile ya bromini, jambo linaloifaa Kyela kuliko miji mingi iliyoibuni. Bei yake iko juu, ndiyo sababu haijaiondoa bromini.

Mtu anaweza kuzitofautisha PBT hizi bila maabara. Kwenye vipande vya viwanda makini, ndani ya kifuniko au chini ya kishikio, huwa kumechapwa maandishi kama >PBT-GF30-FR(17)<. PBT ni plastiki, GF30 ni asilimia 30 ya nyuzi za kioo, na FR(17) ni bromini pamoja na antimoni. Namba 18 na 19 ni ukoo wa deka. Namba 40 ni fosforasi isiyo na bromini. Kipande kisicho na maandishi yoyote huenda kina kiambata chochote, au hakina kabisa.

Mwaka 2021 serikali ilitoa kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinazowataka wanaozikusanya, kuzisafirisha na kuzirejeleza kuwa na vibali. Kanuni zipo, lakini uchumi wa jalala una mwendo wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipia shaba, halipii plastiki, na njia ya haraka ya kuipata shaba ni kuchoma waya pamoja na soketi na vishikio vyake. Moto huo mdogo hurudisha kila kitu ambacho Buser alikieleza mwaka 1986.

Ulaya na Marekani mabadiliko yote makubwa yalitokea pale mtu mmoja alipobebeshwa gharama: kampuni za bima katika karne ya ishirini, waagizaji baada ya 2006. Kyela gharama bado iko kwa anayevuta moshi na anayekula samaki. Ikihamia kwa muagizaji, kwa kulazimika kupokea soketi na taa zilizokufa na kumlipa mkusanyaji wa Ipinda kwa kilo ya plastiki kama anavyolipwa kwa kilo ya shaba, uchomaji utakosa faida. Hilo ni jambo la sheria na bajeti, na linaweza kufanyika kabla mizigo ya awamu hizi za umeme haijaanza kutupwa kwa wingi.